Jezi ya Mzee wa Awendo

Kwa kinyozi mjini Awendo tulikuwa kinyozi mwenyewe, dereva wa lori la miwa, mimi, na mzee aliyevaa jezi ya timu ya Marekani, ya ule mchezo wa kofia ngumu.

“Jaduong', timu yako imepigwa tena!” dereva akamtania mzee kwa Kijaluo chake.

“Mechi za mpira zimebaki ngapi?” mzee akauliza.

Nami, mpenda usahihi, nikadakia, “Huo si mpira, mzee. Wanaushika kwa mikono.” Wakacheka.

Mzee akakunja pindo la jezi, akalikunjua. “Kijana wangu yuko huko Marekani, anawafulia nguo wachezaji. Kocha akifukuzwa, naye anafukuzwa.”

Niliona haya, ila sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba tukinyolewa tena.

Mzee alifariki Alhamisi iliyofuata.