Mguu Uliolilia Kiuno

Jumapili ya tarehe 9 Julai 1911, Neli, mfinyanzi wa kabila la Wakisi kutoka Matema, pwani ya Ziwa Nyasa, alibatizwa akiwa amelala ubavu juu ya mkeka. Daftari la kanisa linatoa sababu: "Hawezi kupiga magoti."

Ulikuwa mwezi wa tatu wa maumivu. Yalianzia tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja kama kaa la moto mpaka kidole cha mwisho. Majirani walisema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Mganga akamchanja chale kwenye shavu la mguu, akamwamuru asinyanyuke. Neli alitii, na paja likazidi kunywea.

Alichoogopa zaidi ni njaa. Kwao ni mawe na mlima, hapana pa kulima. Vyungu vilivushwa kwa mtumbwi hadi soko la Mwaya, na mnunuzi alilipa kwa kukijaza chungu nafaka. Neli alibakiwa na vyungu viwili.

Jumatatu baada ya ubatizo Angetile, mkunga mzee, alikuja kumjulia hali.

"Kohoa, mwanangu."

"Mama, siumwi kifua mimi."

"Nimekusikia. Kohoa."

Neli akakohoa, akapiga yowe. Moto ulishuka hadi kidoleni.

"Umeona? Mguu unalia msiba wa kiuno. Hebu keti unavyofinyanga."

Akaketi kwa taabu: mguu wa kushoto chini yake, kiwiliwili kimepinda kulia, mkono ukizungusha kigae kinachobeba udongo. Miaka ishirini alikuwa akiketi hivyo.

"Hata mbuzi hafungwi namna hiyo!" Angetile alisema. Akampa masharti: kigae cha moto kilichofungwa majani ya mgomba kiwekwe kiunoni, si mguuni, atembee kila asubuhi, hata kidogo, udongo auweke juu ya jiwe, afinyange akiwa amesimama.

"Vitapinda, mama. Watanicheka."

"Vipinde. Watu wa Mwaya wanataka pa kupikia."

Kisha akamfinya juu ya unyayo. "Unasikia?"

"Sisikii kitu."

Bibi akauachia mguu.

"Mguu utarudi?"

"Sijui. Ungeanza kutembea tangu mwezi wa tano, ningekujibu."

Kesho yake Neli alipiga hatua kumi na moja hadi kwenye jiwe, vidole vikiburuta mchanga. Chungu cha kwanza kilibonyea mikononi mwake. Cha pili pia.

Alhamisi mtumbwi uliondoka kwenda Mwaya na vile vyungu vyake viwili vya mwisho; baada ya hivyo hakuwa na kingine cha kubadili na nafaka.