Walipomwita Mdogo Wangu Mnyonya Damu

Mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao sisi wa Kivu Kusini tulizoea kuuita esi-esi. Tangu tufike Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kila damu yake ilipopungua tulimpeleka hospitalini Mbarara kuongezewa. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, macho ya manjano, na sauti ambayo watu walitoka vijiji vingine vya Juru, upande wetu wa kambi, kuja kuisikia kanisani. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka tisa. Hasira yangu haijapoa, kwa hiyo msomaji asitegemee upole.

Siku moja, yeye akiwa kitandani na mfuko wa damu ukining'inia juu yake, nilitoka kumtafutia uji. Njiani nikamkuta mtu ametandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai. Katikati ya vitabu vya shule vya Kiingereza kulikuwa na kimoja cha Kifaransa. Ilikuwa manga, hadithi ya michoro ya Kijapani inayosomwa kuanzia nyuma kwenda mbele. Nilikinunua kwa sababu ya Kifaransa tu, maana chetu kilikuwa kimeanza kuota kutu.

Aliyekisoma kwanza ni mdogo wangu. Kilikuwa hadithi ya kutisha, ya msichana wa kijiji cha milimani aliyeugua kiu ya damu. Lakini msichana yule hakumuuma mtu. Mama yake alijichanja mkono, akakinga damu kwenye kikombe cha chai, akampa anywe, na wote wawili wakaangalia ukutani kwa aibu. Mchoraji alikuwa ameacha ukurasa mzima mweupe, kikombe peke yake katikati. Mdogo wangu aliuangalia ukurasa ule muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwenye aliandika hii kitabu anatujua."

Alikisoma mpaka jalada likachanika. Nyumbani aliwasimulia wenzake wa kwaya, akawaonyesha michoro, akawaambia bila kuficha kwamba yeye pia anaishi kwa damu ya watu asiowajua. Aliona fahari kusema hivyo. Hakuna aliyemcheka wakati ule.

Kisha filamu ya hadithi ile ikafika. Kijana mmoja Mkongomani mwenzetu, aliyekuwa mfasiri katika kibanda cha video cha Juru, aliipata kwenye flashi huko mjini Rwekubo. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na mikrofoni na kutusimulia kwa Kiswahili yale yanayosemwa na wachezaji. Jumamosi mchana nilikwenda peke yangu kuitazama kwanza, ili nikamwelezee mdogo wangu kama inafaa.

Haikufaa. Walikuwa wamemwondoa kabisa mama wa msichana. Kikombe hakikuwapo. Msichana alikuwa na meno marefu, alirukia majirani shingoni, na mwishoni wanakijiji walimchoma moto ndani ya ghala, muziki ukipigwa kama wa harusi. Watu wakapiga makofi. Yule mfasiri, kwa kuona ukumbi umechangamka, akaongeza yake: "Musiogope, hata siye huku tuko na wetu. Ule wa kwaya. Kila mwezi anaenda Mbarara kukunywa damu ya batu."

Ukumbi ulicheka. Mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu. Natamani niseme nilisimama palepale, lakini nilitoka kichwa chini kama mwizi.

Wiki ile neno lilizunguka kuliko nilivyodhani linaweza. Wazee wa kwetu walikuwa na jina la zamani la wakamataji wanaonyonya damu za watu, mutumbula, na sasa jina hilo likapata mwenyewe. Kisimani wanawake walisogeza madumu yao alipokaribia. Kwaya ilimwambia apumzike kidogo, mpaka maneno yatulie. Mchungaji alikuja nyumbani, akasali kwa sauti kubwa mkono juu ya kichwa cha mtoto mgonjwa, halafu akaulizia kitabu. Mama yetu akampa. Kilichomwa nyuma ya kanisa, na mdogo wangu aliitwa ashuhudie. Alirudi akanawa miguu, akalala mchana wote uso ukutani.

Mama alisema tuvumilie, sisi ni wageni. Nilimwuliza wageni wa nani, maana waliokuwa wakitutesa tulitoka nao milima ileile, tulikimbia risasi zilezile. Aliendelea kuchambua maharage.

Jumamosi iliyofuata filamu ilirudiwa kwa maombi ya watu. Nilikwenda. Ilipofika nusu nilisimama mbele ya skrini, picha zikinipita usoni, nikawaambia kwamba hadithi waliyokuwa wakiiona si ile iliyoandikwa. Nikawasimulia kuhusu mama na kikombe. Mfasiri akasema kwenye mikrofoni, "Dada, ikala chini. Ilikuwa muchezo tu."

Nikamwambia, "Weka hiyo mikro chini. Mutoto amefukuzwa kanisani juu ya muchezo wako."

Aliiweka chini. Nikawauliza waliokuwamo ni nani hajawahi kuwa na mtu wake aliyeongezewa damu, kwa malaria, kwa uzazi, kwa chochote. Nilijua walikuwapo ambao wamewahi. Kisha nyuma kabisa mwanamke mmoja akasimama. Nilimfahamu, alikuwa miongoni mwa waliosogeza madumu. Alisema mtoto wake wa mwisho alipewa mifuko miwili, na kama hiyo ni dhambi basi na yeye aandikwe. Aliketi akijifunika uso kwa kitenge. Mwenye kibanda akazima mashine na kutuamuru wote tutoke.

Nilifika nyumbani nikijiona shujaa. Mdogo wangu alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikutuma?" aliniuliza. "Wenye hawakujua, sasa banajua. Ulishindwa kusema siku ya kwanza, ukaenda kusema siku yenye ulitaka weye."

Sikujua ni nani aliyemwambia kwamba siku ya kwanza nilikuwamo. Nilianza kujitetea, nikaacha, kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimkasirikia kwa kuwa sahihi, na hilo nalo nalisema hapa kwa sababu ni kweli.

Hakukaa Juru. Mama mdogo wetu anayeishi Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, alimchukua, akamtafutia mahali pa kujifunza ushonaji, na hospitali ikawa karibu. Baadaye alipata kwenye simu hadithi ileile, safari hii ya katuni, vipande kumi na viwili. Alivitazama vyote kisha akanipigia. Walimrudisha mama wa msichana, alisema, na kikombe pia kipo. Lakini mwishoni msichana anapona.

"Bale bamemuchoma, hawa bamemuponesha," alisema. "Juu ya nini hakuna mwenye anamuacha aishi na ugonjwa wake?"

Hakungoja nijibu. Aliniambia ana gauni la mtu la kumalizia.

Mwaka jana kanisa letu lilikuwa na sherehe, na wajumbe watatu wa kwaya wakasafiri mpaka Biharwe kumwomba arudi aimbe, siku hiyo moja tu. Nilikuwa nimemtembelea. Walitusalimu kwa Bwana asifiwe, wakaomba kuketi. Mdogo wangu alikuwa kwenye cherehani. Aliwatazama, akarudisha macho kwenye kitambaa, akaniachia mimi.

Niliwaambia anashona, wamsubiri amalize. Viti vilikuwapo ndani, sikuvitoa. Walisimama uani juani, wakihamisha uzito mguu hadi mguu, na mdogo wangu alikuwa na pindo refu la kushona, na alipolifikisha mwisho alilifumua akaanza upya.