Msumari Ndani ya Mashine ya Kumi

Tsongo wa Kasese anatengeneza mashine za kumenya kahawa mbivu, na mashine zake zinaitwa Kumi. Neno hilo huliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa kila moja, na limemsumbua tangu siku ya kwanza, kwa sababu wateja hudhani ni namba. "Nane iko?" wanamwuliza. "Hiyo ya bei kidogo?" Hakuna Nane, wala Tisa. Kumi ni vidole. Mama yake, Rusi, alibaki na vinane baada ya mashine ya chama cha wakulima, iliyotoka ng'ambo, kumla viwili vya mkono wa kulia. Aliyekuwa akizungusha mpini siku hiyo ni Tsongo mwenyewe, mwanafunzi wa darasa la nne.

Jambo kama hilo halimtoki mtu. Alipokua akajifunza kuchomelea vyuma mjini, na jioni zake zote akazimaliza kwa mashine. Ya kwanza ilikuwa na ngoma ya mti iliyovishwa bati la shaba, nalo bati alilipiga vinundu elfu na zaidi kwa nyundo, mpaka jirani mmoja akahama chumba. Ikapasua kahawa yote. Ya pili ikapasua nusu. Ndipo akaenda Kikorongo, pale malori yanaposimama, akaokota tairi kuukuu, akakata kipande cha mpira na kukiweka mbele ya ngoma ili punje ibanwe tu, isisagwe. Hiyo ilimenya. Leo karakana ina mafundi sita, ngoma ni za chuma, na hakuna Kumi inayotoka mlangoni kabla ya kumeza ndoo nzima ya kahawa huku Tsongo akizikagua punje moja moja kama mama mkwe anayekagua mchele.

Basi asubuhi moja ya msimu huu, simu ikalia. Alikuwa Martine, Mama Olivia, Mkongo anayefanya biashara Bwera, kiongozi wa akina mama kumi na sita waliochukua Kumi mwaka jana.

"Fundi, kuya huku mbio! Mashini yako imekamata Sylvie!"

Simu ikakatika. Tsongo akapiga tena, akapiga mara saba, simu ya Martine haikupatikana. Sylvie alimjua: mke wa Ephraïm, mwembamba, mwenye kucheka. Akachukua mkoba wa vifaa, akapanda pikipiki, na njia nzima hakukumbuka kama alipita mbugani au alipita sokoni. Aliona mkono tu. Alijiambia kwamba ikiwa kidole hata kimoja kimekwenda, karakana ataifunga siku hiyo hiyo, na rangi nyekundu ataimwaga shimoni. Hakuwa anajitishia bure. Namjua Tsongo, angefanya hivyo.

Alipofika kwa Ephraïm, juu ya Bwera, alikuta watu wamejaa uani. Akawapenya, na katikati yao akamwona Sylvie ameketi juu ya gunia, anakula muhogo. Kwa mkono wa kulia.

"Nionyeshe," Tsongo akasema, hata salamu hakutoa.

Sylvie akashangaa, akaweka muhogo chini, akamnyooshea mikono yote miwili. Tsongo akavishika vidole, akavihesabu kimoja baada ya kingine mbele ya watu wazima, akafika mwisho, akaanza upya. Kisha akakaa chini kwenye maganda ya kahawa akalia. Ephraïm akamtazama mkewe, mkewe akamtazama Ephraïm.

"Ilikamata sweta tu," Sylvie akaeleza taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Nilikuwa nasukuma kahawa na mukono, sweta ikaingia, ikavuta. Halafu kitu ikalia *ta!* ndani, Ephraïm akaanguka na matako."

Watu wakacheka, na Ephraïm akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa: mpini ulianza kuzunguka bure mikononi mwake, ngoma imesimama.

"Njo maana nilikuitia," Martine akadakia, mikono kiunoni. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, wala hakujua hofu aliyomtia mwenzake. "Mashini yako iko zaifu, Fundi. Kila juma inavunjika fasi ile ile. Mule unatiaka musumari!"

Ilikuwa kweli. Kati ya mpini na ngoma, Tsongo huweka msumari mwembamba, wa kununua dukani, ndio unaovishikanisha. Kitu kigumu kikinaswa, msumari hukatika kwanza, na nguvu ya mzungushaji haifiki kwenye ngoma. Alibuni hivyo makusudi, kwa ajili ya siku kama hii. Lakini hakuwahi kumwambia mteja yeyote. Aliona haya kuuza mashine na kusema papo hapo kwamba ina mahali dhaifu. Akiulizwa alijibu kwamba spea zake ni rahisi. Mficha uchi hazai, na siri ile ilikuwa karibu kumzalia balaa.

Sasa akaeleza, machozi hayajakauka. Akatoa ndani ya mashine vipande viwili vya msumari, akawaonyesha. Sylvie akavipokea, akaifunga mikono yake kifuani.

Martine alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukabadilika.

"Fundi," akasema, "mimi niliuza boliti. Kwa bamama bote. Nilisema batoshe musumari, batiye boliti ya lori, haitavunjika tena. Ni Sylvie pekee alikuwa hajatia."

"Na wewe, Mama Olivia? Mashine yako?" Tsongo akamwuliza.

Martine alikuwa tayari ameshika leso yake mkononi, anakimbia mteremko wa kwenda kwake kwa miguu mitupu, na Tsongo nyuma yake na mkoba. Walimsikia bintiye, Olivia, kabla ya kumwona, anaimba, na mashine inanguruma chini ya sauti yake.

"Olivia! Tosha mukono! Tosha mukono!"

Binti akautoa mkono, akaruka nyuma, kahawa imejaa viganja, mdogo wake akaachia mpini. Mikono ilikuwa mizima. Martine akaishika yote miwili, akaipaka machozi na utomvu wa kahawa, huku akimgombeza kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Tsongo akafungua boliti, akapigilia msumari. Akamkabidhi Martine chuma kile kizito, akasema kwamba ataizunguka milima yote mwenyewe kuzitoa boliti nyingine, kosa ni lake, aliwanyima maneno.

"Bale bengine kumi na ine, nawajua nyumba moja moja," Martine akasema. "Miye njo niliwapa, miye njo nitazitosha."

Akavaa viatu, akachukua spana kwenye mkoba bila kuomba, akatangulia.