Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Binti yangu alipofaulu mtihani wa serikali, wenzake walimmwagia poda kichwani mpaka akarudi nyumbani mweupe kama aliyetoka kuchekecha unga. Nilipiga vigelegele, nikacheza naye uani, halafu hofu ikaniingia. Ilibidi tufanye sikukuu, na mimi na sikukuu hatupatani.

Mume wangu husema kwamba siku ya wageni mimi nageuka komanda. Ni kweli. Miaka mitatu kabla, tulipombatiza kitindamimba wetu, nilitaka kupika kila kitu peke yangu, nikamfokea kila aliyesogea jikoni. Katika pilikapilika hizo nikamwachia mdogo wangu wa kiume achinje mbuzi. Sisi ni Wakristo, kwetu hilo si neno. Lakini hapa Kasongo kila mtu anajua: ukialika Waislamu, unamwita Mwislamu achinje, na wote wanakula. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na nilisahau.

Jirani yangu ni Mwislamu. Ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua watoto wangu wawili. Siku ile ya ubatizo alinioshea sahani zote, akataniana na wageni, akanywa chai. Sikuona kwamba hakugusa chakula. Nilikuja kuona jioni, wageni walipokwisha kuondoka na moshi ukaanza kupanda jikoni kwake. Mtu aliyetoka kwenye karamu yangu alikuwa anajipikia, yeye na watoto wake.

Hakuwahi kulisema. Ila tangu siku ile, kila nikimkaribisha chakula, alikuwa ameshiba. Miaka mitatu ya kushiba! Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Basi safari hii niliapa mambo mawili: sitafoka, na jirani yangu atakula kwangu. Sombe, majani ya muhogo, ilitwangwa mapema. Viti tuliazima kanisani, turubai likafungwa tangu Alhamisi. Mume wa jirani nilimwendea mwenyewe, kwa heshima, nikamwomba aje kuchinja Jumamosi asubuhi, naye akakubali. Mbuzi alikuwa anakuja kutoka Kabambare, amefungwa nyuma ya pikipiki ya mdogo wangu yule yule. Njia ile haina mtandao, nikasema nitamweleza akifika. Alifika Ijumaa jioni na matope mpaka masikioni, akaoga, akaanguka kitandani. Nikasema, aa, nitamweleza kesho.

Asubuhi nilipotoka nje, mbuzi alikuwa ananing'inia nyuma ya jiko, nusu ameshachunwa.

"Yaya, leo usisumbuke," mdogo wangu aliniambia mimi dada yake, kisu mkononi, amejaa tabasamu. "Kazi ya mbuzi nimeisha kuimaliza. Wewe pumzika tu."

Nilifungua kinywa nifoke. Kilichotoka ni kilio. Nilikwenda hivyo hivyo mpaka uani kwa jirani, nikamkuta anafagia.

"Mama, ndugu yangu ameisha kuchinja mbuzi. Nilitaka leo ukule kwangu, na tena nimeharibu."

Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kutamkwa kati yetu. Aliweka ufagio chini, akanitazama, kisha akaanza kucheka.

"Sasa mutu muzima analilia mbuzi? Samaki hawachinjaka! Niko nayo ya Nyangwe humu ndani, ya kukausha, kitunga kizima. Nitakuja na sufuria yangu."

Nikajifuta machozi. "Na ile siku ya batizo?"

"Hata ile siku samaki ilikuwako. Nilikuja asubuhi nikuambie. Ukanifukuza jikoni hata sijafungua kinywa."

Hilo silikumbuki kabisa, na ndiyo aibu yenyewe. Kumbe miaka yote nililaumu kisu cha mdogo wangu, na kosa lilikuwa ulimi wangu.

Alipanga mafiga yake upande mmoja wa ua, mimi nikabaki na mbuzi wangu upande mwingine. Mdogo wangu, alipoelewa alichofanya, alimchanjia kuni bila kuombwa mpaka jirani akamwambia atamaliza msitu. Mawese yalinukia mpaka barabarani. Kila kitu nilimwuliza yeye: wazee wakae wapi, nani apakuliwe kwanza. Alijibu kwa neno moja moja huku anageuza samaki, na wageni wakafika nikiwa nimeoga na nimefunga kitenge changu kizuri. Haijawahi kutokea.

Tulipokaa kula nilijisogeza karibu naye. Alikata tonge la bugali, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akameza. Akakata la pili. Mimi nimemkodolea macho tu.

"Unaniangalia nini? Kula!" akanigombeza.

Nilikula. Nilihisi nimetuliwa mzigo wa mihogo niliotembea nao toka shambani. Mume wangu anasema siku ile nilicheka ovyo, hata kwenye sala ya kufunga karamu.

Kesho yake asubuhi jirani alikuja kuchukua sufuria yake. Nilikuwa nimeiosha, na samaki waliobaki nimewafunika kwenye bakuli. Nikamkabidhi sufuria, sikusema neno la chakula, kwa woga wa kulisikia jibu nililolizoea. Aliipokea, akaiweka chini, akafunua bakuli.

"Bugali ya jana iko?" aliuliza, huku ameshavuta kigoda. "Niko na njala."