Machini Inabaki ku Dépôt ya Lydie

Lydie tunakaa naye ku avenue moja mu commune ya Annexe, pembeni ya muji. Baba yake alikuwaka mutumishi wa reli, jamaa yao ilitoka ku kaskazini ya Katanga. Lydie anachungaka dépôt, nyumba ya kuwekea mizigo, ya samaki ya kukauka ya Papa Onésime, mufanyabiashara wa kutoka Butembo. Kila Ijumaa camion yake, lori kubwa, inatoka Pweto na magunia ya bamama mingi bachuuzi, na Lydie anaandika kila gunia mu ordinateur, ile machini ya kompyuta: ni ya nani, iko ku pembe gani. Ordinateur na programme yake biko palepale mu chumba ya nyuma. Hakuna kintu inaenda mbali.

Mwaka huu ikaanza kuzimika. Jua ikipanda tu, machini inalala yenyewe, na bamama banabaki inje na maneno makali. Papa Onésime akachoka. Mutoto wa ndugu yake alimuonyesha programme ingine, ya kutumika na internet: unalipa kila mwezi, bantu ya mbali banakuchungia yote, na unaona magunia yako mu simu hata ukiwa Pweto. Lakini ile kazi itafanyikia mu bureau ya Papa Onésime, katikati ya muji, na dépôt ya Annexe itafungwa. Papa Onésime alimuambia Lydie bila hasira: machini ikizimika tena Ijumaa, basi, imeisha.

Bwana ya Lydie alienda ku machimbo ya Kambove, mpaka leo hajarudia. Ile dépôt njo inalisha batoto yake. Tulimuombea, siye bamama ya kikundi ya rozari.

Sylvain, fundi wa ma-ordinateur, alikuwa amekuya mara mingi. Lydie anamuita, anafika, anafungua, anapima, hapati ugonjwa. Anacheka, anasema ile machini iko na afya kumupita yeye mwenyewe, anaenda. Kesho yake inazimika tena.

Alhamisi Sylvain alipita bila kupiga simu, sababu alikuwa na kazi karibu. Akakuta machini inatumika huku imevaa. Lydie aliifunika na kitambaa ya kufuma, sawa vile tunafunikaka televizio mu salon, vumbi isiingie. Pa juu aliweka picha ya Mama Maria na maua ya plastiki. Kumbe kila mara Sylvain akitangaza kama anakuya, Lydie alikuwa anaondoa yote mbele afike, kwa kuheshimu kazi ya mugeni.

Sylvain akakaa ku kiti kwanza.

"Maman, mumeivalisha sawa bibi-arusi. Inapumulia wapi?"

"Kintu ya maana tunaifunikaka, mwanangu. Ulitaka niiache uchi?"

Alimuonyesha matundu ya nyuma, kwenye joto inatokea: ikikosa njia, machini inazimika yenyewe. Lydie aliweka mukono pale, akakunja kitambaa yake. Mama Maria akahamia ku ukuta.

Ijumaa jua ilikuwa kali. Papa Onésime alifika pamoja na camion, simu mu mukono, anataka kujaribu ile programme ya internet. Réseau ya simu ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Simu ikazunguka, ikazunguka. Kisha courant ya umeme nayo ikakatika. Lydie akaendelea na batri ya akiba, anaita magunia: ya Mama Kunda, ya Mama Chancelvie, pembe ya dirisha. Machini haikulala mpaka gunia ya mwisho.

Papa Onésime alifikiri sana, anapangusa jasho. Akasema machini ya huku inamutesa na joto na vumbi, na mwizi akibeba machini amebeba yote. Programme ya mbali nayo inamuacha yatima réseau ikienda. Hakujua ya kuchagua.

Lydie alimujibu polepole: "Papa, yote iko na mabaya yake. Tuchungie hapa, lakini kopi moja ilale kwenu ku bureau ya muji. Miye nitaileta."

"Utaweza kuifanya? Na macho ile haione muzuri?"

"Nitavaa miwani. Mungu ananiachia akili bado."

Papa Onésime akacheka, akakubali. Sasa kila Jumamosi Sylvain anamufundisha kuweka kopi mu ka-disque kadogo ka kubeba mu mukono, na ku bureau banaituma mbali na internet siku réseau iko. Mara ya kwanza Lydie alikosea, akaanza upya, na kopi ikaingia.

Dépôt haifungwe. Tena Papa Onésime amesema camion yake ya Kasenga nayo itashushia mizigo mu Annexe, na Lydie anatafuta mutu wa kumusaidia kupanga magunia.