Mawimbi ya Bwawa la Ihanja

Ukicheka, cheka mwishoni. Mimi ni fundi umeme, na nilimwahidi bosi wangu kwamba bwawa la Ihanja litatoa umeme wa mawimbi. Nikaweka majini boya la kuzalisha umeme, nikavuta waya hadi ofisi ya kijiji, nikakaa humo kwa kuogopa jua, macho kwenye balbu. Kila mchana iliwaka, hata siku isiyo na upepo! Nikaandika ripoti kwa mbwembwe: umeme wa gharama ndogo, wa uhakika, hauchafui mazingira.

Siku bosi alipokuja na wageni kukagua, nikahamishia balbu ukingoni mwa bwawa. Nikaagiza ng'ombe wanaokunywa maji pale wasisogee, wasije wakatuaibisha kwa mavi.

Mchana ukafika, balbu imenuna. Bosi, mama asiye na utani, akanikazia macho.

"Subiri kidogo, mama. Mawimbi yanakuja."

Yakaja kweli. Ng'ombe wenye kiu waliwaponyoka wachungaji, wakajitosa majini kundi zima. Boya likarukaruka, balbu ikawaka kwa mwanga mweupe. Wanakijiji wakapiga vigelegele.

Bosi akawatazama ng'ombe, kisha akanigeukia.

"Fundi, kwenye gharama mbona hukuandika majani?"