Msomaji wa Jumbe za Watu

Kazi yake ni kusoma jumbe za watu wasiomjua, zile ambazo kompyuta imezitilia shaka, na kuamua zipi zipelekwe kwa wapelelezi. Husoma huku midomo yake ikichezacheza, kama anayembembeleza mtoto, na kidole chake huelea juu ya kitufe cha kuzipeleka kama jani juu ya maji. Akiona ni hasira tu, hunong'ona, "Ulimi hauna mfupa," akauacha ujumbe upite.

Leo mchana mama yake alimpigia simu kazini, kicheko kimemjaa. "Huyu jirani na mbuzi wake, leo nitamchinja yeye mwenyewe."

Aliinuka kama aliyeshtuliwa ndotoni. "Mama, maneno hayo usiyaseme kwenye simu."

"Kwani nani anatusikiliza, mwanangu?"

Alikitazama kiti chake kitupu kikizunguka polepole, mpaka kikatulia kimemwelekea yeye.